Natafutia mama makao ya wazee hapa Minnesota: kila nyumba ina "madaraja" yake, nalinganishaje?

BintiNgamiani anauliza:

Wakuu, salaam. Naishi kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, na mama yangu mzazi yuko nami tangu 2017 nilipomleta kutoka Tanga. Ana miaka 79. Naomba ushauri wa watu wanaozijua hizi nyumba kwa ndani. Brosha ninazo mpaka droo haifungi, na zote zina picha ya bibi mmoja wa kizungu anacheka na ua mkononi.

Hali ya mama ni hii. Ana kisukari, insulini asubuhi na jioni. Zamani alijichoma mwenyewe, siku hizi namchoma mimi kwa sababu alianza kusahau kama ameshachoma au bado. Anatembea kwa kigari cha kushikilia. Kitandani anaamka mwenyewe, kula anakula mwenyewe, kuvaa anavaa ukimtolea nguo. Kuoga peke yake ndiyo basi tena, alishaanguka bafuni nyonga ikaponea chupuchupu. Mchana ukimkuta utasema huyu mzee ana nini? Anakutania, anakuuliza habari za ukoo wenu mpaka babu wa tatu. Jua likianza kuzama anabadilika. Anatafuta ufunguo wa nyumba yetu ya Ngamiani kule Tanga, anauliza mbona baba hajarudi kutoka bandarini, na baba tulimzika 2009. Usiku anaamka anazunguka. Januari nilimkuta mlangoni na kanga zake mbili na ndala, mlango ameshaufungua, na nyie mnaijua Januari ya huku. Daktari amesema ni demensia, bado ya mwanzo mwanzo.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, wiki nzima hayupo. Mimi niko ghalani. Kuna siku nalala nimekaa kwenye kochi nimeegemea mlango.

Nimezunguka, nimebaki na nyumba tatu:

Ya kwanza ni ghorofa kubwa la wazee wanaojitegemea. Lina piano mapokezini, basi la kwenda madukani, chumba cha kusokota nyuzi. Ukihitaji muuguzi analetwa na kampuni nyingine kutoka nje, unalipa kwa saa. Ndiyo nafuu kuliko zote.

Ya pili ni makazi ya kusaidiwa, vyumba zaidi ya themanini, na ghorofa ya chini ni kitengo cha wenye kusahau, mlango unafunguliwa kwa namba. Chumba dola 4,950 kwa mwezi, halafu juu yake "daraja la huduma". Muuguzi wao aliongea na mama dakika chache saa nne asubuhi, akiwa kwenye ubora wake, akaniambia huyu ni daraja la pili.

Ya tatu ni nyumba ya kawaida mtaani, wazee wanne tu, mwenyewe ni mama wa Kikenya. Dola 6,200 kila kitu ndani. Mama alipofika tu akaamkiwa "shikamoo", akakaa, hakutaka kuondoka. Hapo moyo ukanilainika, nikaona bora niwaulize nyie kabla sijasaini kwa sababu ya shikamoo.

Tatizo langu ni hili: kila ninayemuuliza ananiambia "tutamhudumia hata hali ikibadilika". Wa pili ana madaraja matano. Kuna nyumba nyingine niliyoiacha ilikuwa na madaraja matatu, na huko mama alikuwa la tatu. Sasa daraja la pili la huyu na la tatu la yule vinapimwa kwa mizani gani? Na mama ni mtu wa swala tano, chakula halali, kuogeshwa na mwanamke tu. Hayo yanaingia kwenye daraja lipi?

---

ZamuYaUsiku anajibu:

Dada, pole sana, na pole kwa huo usingizi wa kochi. Mimi ni mtu wa Kisii, hapa Minnesota nimefanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) miaka mingi, kwanza nyumba ya uuguzi, halafu makazi ya kusaidiwa, sasa ni muuguzi wa leseni, na zamu yangu siku zote ni ya usiku. Kwa hivyo nitakujibu kama mtu wa usiku.

Kwanza, hayo madaraja yasahau. Hakuna sheria inayosema daraja la pili ni nini. Kila kampuni inajitungia: mmoja anahesabu pointi, mwingine anahesabu dakika, mwingine ana vifurushi. Ni bei tu hiyo, imevaa koti jeupe la daktari. Ndiyo maana mama yako alikuwa la tatu kule na la pili huku na yeye hajabadilika hata kidogo.

Fanya hivi. Chukua karatasi uandike saa 24 za mama, siku ya kawaida na siku mbaya. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, anahitaji mtu kumpeleka kutawadha. Saa moja anapimwa sukari, insulini, chai. Kuoga: mtu mmoja mwanamke, dakika ngapi, anakubali au anagoma? Endelea hivyo mpaka saa nane usiku anapotafuta ufunguo. Usimpambe. Sisi Waafrika tukiulizwa na muuguzi mbele ya mzazi tunasema "anaweza, anaweza", tunamstahi. Halafu mwezi wa pili unaletewa bili mpya. Karatasi hiyo hiyo moja wape wote watatu, waambie: niandikieni nani atafanya kila jambo humu, na kwa bei gani. Hapo ndipo utalinganisha.

Sasa hizo nyumba zenyewe zinatofautiana kwa leseni, na hiyo ndiyo ya kuangalia badala ya daraja.

Hilo ghorofa la piano ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba hana wajibu wa kumtunza mama, ana wajibu wa kufyeka theluji. Kampuni ya nje inakuja kwa saa, na saa nane usiku haipo. Kwa mzee anayefungua mlango Januari, futa.

Makazi ya kusaidiwa: Minnesota ilikuwa na fujo hapa kwa miaka, mtu anakodisha chumba kivyake na huduma kivyake. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 kuna leseni maalumu, na ziko aina mbili: ya kawaida, na ya wenye demensia. Nyumba yoyote inayojitangaza kuwa na kitengo cha demensia lazima iwe na hiyo ya pili. Uliza hiyo leseni uione, inabandikwa ukutani. Sheria inataka RN (muuguzi aliyesajiliwa, yuko juu ya sisi wa leseni) ampime mama kabla hujasaini mkataba au kabla hajahamia, ampime tena ndani ya siku 14 baada ya huduma kuanza, na baada ya hapo zisipite siku 90 bila kupimwa. Omba kipimo hicho kifanyike jioni. Hata wakikunja uso, omba. Saa nne asubuhi kila mzee ni mzima.

Na kitengo cha kufungwa kwa namba, sheria inataka mtu aliye macho awe ndani ya kitengo chenyewe usiku kucha. Makazi ya kawaida, huyo mtu wa macho anaweza kuwa jengo la jirani lililoungana. Tofauti hiyo kwenye brosha huioni, lakini kwa mama yako ndiyo kila kitu.

Halafu kuna nyumba ya uuguzi yenyewe, ile watu wanaiogopa. Hiyo iko chini ya sheria ya serikali kuu: muuguzi wa leseni saa 24, RN angalau saa nane mfululizo kila siku. Mama yako hajafika huko. Huko ni kwa mtu wa vidonda, mirija, wa kugeuzwa kitandani, au anayetoka hospitali kujifunza kutembea upya. Usiruhusu mtu akutishe eti kwa demensia ya mwanzo lazima aende huko.

La mwisho kwa leo, niko karibu kuingia kazini. Usiwaulize watafanya nini. Waulize watakataa nini. Siku mama akihitaji watu wawili kumnyanyua, watamweka? Mnatumia mashine ya kunyanyulia? Akimpiga mhudumu kwa kuchanganyikiwa? Akigoma kuoga wiki? Sukari ikishuka saa tisa usiku, nani anaamua, na yuko umbali gani? Kwenye nyumba nilizofanya kazi, insulini anachoma msaidizi aliyefundishwa na kukabidhiwa na RN, hiyo si mbaya. Mbaya ni pale RN mwenyewe yuko kwa simu tu na hapokei. Akikujibu "tutaangalia hali itakavyokuwa", andika kwenye karatasi yako: hapana.

---

MwanaWaMzizima anajibu:

Samahani kama nitaudhi. Mama alikubeba mgongoni, leo unamtafutia nyumba yenye mlango wa namba? Tanga kuna wajomba, kuna binti wa kazi kwa laki moja na nusu kwa mwezi, kuna adhana anaisikia kitandani. Mrudishe mzee kwao apumzike. Huku tunaiga mambo ya wazungu mpaka tunapotea.

---

BintiNgamiani:

Hujaudhi, kaka, maneno hayo nimeshaambiwa na mjomba kwa simu, kwa sauti kubwa zaidi. Wajomba unaowasema wamebaki wawili, mmoja ana miaka 82 na yeye anatunzwa. Binti wa kazi tulishamweka mama alipokuwa bado kule, wakabadilishana wanne kwa mwaka. Na daktari wa kisukari na figo anayemfuatilia yuko hapa. Nikimrudisha mama, nani atamfungia mlango usiku? Wewe uko Dar?

Kaka ZamuYaUsiku, Mungu akubariki. Karatasi nimeanza. Nimefika saa tano asubuhi na tayari imejaa ukurasa. Sikujua nafanya mambo mengi hivi.

---

MzeeTacoma anajibu:

Nami niseme la nyumba ndogo maana naona moyo wako uko huko, na sikulaumu.

Nipo jimbo la Washington. Huku hizo nyumba za mtaani zina leseni yake kabisa, wazee wasiozidi sita, nane kwa kibali, na nyingi zinaendeshwa na watu wetu, Wakenya, Waethiopia, Wagambia. Baba yangu alikaa kwenye mbili, mpaka alipofariki kwenye hiyo ya pili. Huko Minnesota sheria zenu ni nyingine, lakini nyumba ni nyumba.

Uzuri wake ni kweli. Baba alikula ugali. Alijulikana. Mhudumu alijua kwamba akinyamaza wakati wa chai ana maumivu, jambo ambalo kwenye jengo la watu themanini lisingeonekana mpaka joto lipande. Baba alipopoteza Kiingereza chote, akarudi kwenye Kiswahili, halafu akabaki na Kiluguru tu, mwenye nyumba alitafuta mtu kanisani anayejua Kiluguru awe anakuja Jumamosi. Kampuni gani kubwa itafanya hivyo?

Lakini nyumba ndogo ni mtu. Ile ya kwanza mwenyewe aliugua, akaachia mpwa wake, na huyo kijana usiku alikuwa akilala na spika masikioni. Baba alianguka alfajiri akakutwa asubuhi. Sitaji nyumba, ilishafungwa. Kwa hiyo kwa huyo mama wa Kikenya nenda uulize haya: usiku kuna mtu macho au kuna mtu amelala? Mwenye nyumba akienda Nairobi kwa mazishi mwezi mzima, nani anashika? Wahudumu ni wangapi, na wana likizo? Wazee wengine watatu wana hali gani? Hilo la mwisho wengi hawaulizi. Mzee mmoja wa kunyanyuliwa na watu wawili anakula muda wa nyumba nzima, na mama yako anayeonekana mzima ndiye atakayesahauliwa.

Nenda Jumapili jioni bila kuaga. Nusa. Angalia kama wahudumu wanaongea na wazee au wanaongea juu ya vichwa vyao.

Na jingine la kukutuliza: baba mwishoni aliwekwa kwenye huduma ya hospisi, ile ya mtu anayekaribia mwisho wake, na hao walimfuata hapo hapo nyumbani, Medicare (bima ya serikali ya wazee) ikalipa wauguzi, dawa na kitanda. Kodi ya nyumba tuliendelea kulipa wenyewe. Si lazima mzee ahamishwe ili afe. Lakini muulize mwenye nyumba mapema kama anakubali hospisi iingie, wako wasiopenda.

---

HesabuNiHesabu anajibu:

Wote mnaongea huduma, mimi ni mtu wa pesa, nisameheni.

Dada, Medicare haimlipii mtu kuishi kwenye makazi ya kusaidiwa. Hailipi kuogeshwa, hailipi kuangaliwa. Inacholipa ni nyumba ya uuguzi kwa muda, baada ya kulazwa hospitali siku tatu mfululizo kama mgonjwa wa kulazwa. Siku 20 za kwanza hulipi, ya 21 mpaka ya 100 unachangia, mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50 kwa siku, baada ya 100 ni juu yako. Na kuna mtego: mzee anaweza kulala hospitali usiku tatu, kitanda, drip na kila kitu, kumbe kwenye makaratasi ameandikwa "anaangaliwa tu". Siku hizo hazihesabiwi. Mama akilazwa siku yoyote, swali la kwanza kwa muuguzi: amelazwa au anaangaliwa?

Kwa bei ya kukulinganishia: uchunguzi wa CareScout wa 2024 ulikuta makazi ya kusaidiwa kwa Marekani nzima bei ya katikati ni dola 5,900 kwa mwezi, na nyumba ya uuguzi chumba cha wawili ni dola 111,325 kwa mwaka. Kwa hiyo 6,200 ya huyo Mkenya, kama kweli kila kitu kimo, si ghali. 4,950 ya wale wengine ni mlango tu wa kuingilia.

Minnesota mna mpango wa Elderly Waiver, kwa wenye miaka 65 na kuendelea walio kwenye Medical Assistance, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Kaunti inatuma mtu kumpima, kipimo kinaitwa MnCHOICES, wakiona anahitaji huduma ya kiwango cha nyumba ya uuguzi wanalipia huduma ile ile lakini akiwa nyumbani au kwenye makazi ya kusaidiwa. Kodi ya chumba ni fungu jingine. Mali ya mtu mmoja isizidi dola 3,000, nyumba anayoishi ina taratibu zake. Wanaangalia miezi 60 nyuma kama amegawa mali. Kwa hiyo hiyo nyumba ya Ngamiani msikimbilie kubadilisha jina leo kwenda kwa mdogo wako. Ongea kwanza na wakili wa msaada wa bure.

Ulimdhamini wewe? Basi ulisaini I-864, ile fomu ya kuahidi kumtunza kwa kipato chako, na kipato chako kinaweza kuhesabiwa kama chake mpaka awe raia. Uraia kwa mtu wa demensia kuna fomu N-648, daktari anaijaza, anasamehewa mtihani wa Kiingereza na wa historia. Anzeni mapema akiwa bado anajitambua.

Na wewe ukiwapigia nyumba, uliza: mnapokea Elderly Waiver? Kuanzia siku ya kwanza, au mpaka nilipe kwa mfuko wangu miaka miwili? Nyingi zina hiyo ya pili na hawakwambii mpaka uulize.

---

MamaHodan anajibu:

Kabla hujahama kabisa dada, hiyo MnCHOICES inaweza kukuletea masaa ya kumtunza mama hapo hapo nyumbani, na mtoto aliye mtu mzima anaweza kuajiriwa kumtunza mzazi wake akalipwa. Mimi nililipwa kwa mama mkwe. Na Minneapolis kuna vituo vya mchana vya wazee vinavyoendeshwa na Wasomali: basi linamfuata asubuhi, chakula halali, swala ya jamaa, chumba cha wanawake peke yao. Mama mkwe hajui Kisomali hata neno, alikuwa anarudi jioni amechoka, analala. Mzee asiyechoka mchana ndiye anayezunguka usiku. Hata ukimpeleka kwenye nyumba, uliza kama kituo cha mchana kinaweza kuendelea.

---

BintiNgamiani:

Nimerudi na majibu. Karatasi ya mama ilitoka kurasa tatu, nikaipeleka kote.

Ghorofa la piano: kampuni yao ya nje ilisema usiku haina mtu, labda nilipie saa nane kila usiku kwa bei ya saa. Nikapiga hesabu, nikacheka.

Ile kubwa: muuguzi alikubali kuja kumpima saa kumi na moja na nusu jioni, kwa shingo upande. Mama akamwomba amfungulie mlango wa Ngamiani, halafu akamkataza kumshika mkono. Daraja la pili likawa la nne. 4,950 ikawa 7,300, na ada ya kuingia 2,500 hairudi. Lakini lazima niseme haki: kila mstari wa karatasi yangu walijibu kwa maandishi. Usiku wahudumu wawili macho kwenye kitengo. Watu wawili wa kunyanyua, ndiyo. Mashine, ndiyo. Elderly Waiver baada ya miezi 18 ya kulipa mwenyewe. Halali, hawana, "anaweza kula samaki na mboga". Mwanamke wa kumwogesha, "tutajitahidi". Hilo "tutajitahidi" nimeliandika hapana, kama ulivyonifundisha.

Ya mama wa Kikenya: nilienda Jumapili bila kuaga. Harufu ilikuwa ya chapati. Usiku ana mhudumu mmoja, anaruhusiwa kusinzia lakini kuna kengele milangoni na kwenye mkeka wa kitandani. Watu wawili wa kunyanyua, hapana, akasema wazi bila kuzunguka: "Mama akifika hapo nitakwambia tumtafutie pengine, sitaki kumvunja." Waiver anapokea tangu siku ya kwanza. Hospisi anaikubali. Kuoga ni wanawake, wahudumu wote wa mchana ni wanawake. Leseni yake niliiona, ni ya makazi ya kusaidiwa ya kawaida, si ya demensia. Alivyokiri hivyo nikampenda zaidi, na nikaogopa zaidi.

Mdogo wangu anasema nenda kwenye jengo kubwa, mara moja tu, asihamishwe tena. Mimi naona mama akiishi kule miaka miwili bila mtu wa kumwamkia atakuwa ameshaondoka kabla hajafika hiyo hali ya kunyanyuliwa. Mnasemaje? Na kengele ya mlangoni yatosha?

---

ZamuYaUsiku anajibu:

Kengele inamwamsha mtu kama yupo wa kuamka. Muombe akuonyeshe. Nenda usiku, saa tatu hivi, fungua mlango wa nyuma wewe mwenyewe, uone inachukua muda gani mtu kutokea. Akikasirika kwa ombi hilo, umepata jibu. Akicheka akakwambia jaribu, pia umepata jibu. Na huko kusinzia mwambie kukome: hata leseni ya kawaida inataka mtu wa macho usiku, aliandike hilo kwenye mkataba. Nyumba ndogo unaweza kupatana, jengo kubwa huwezi.

Kuhusu kuhama mara mbili, mdogo wako ana hoja. Kila uhamisho unamrudisha mtu wa demensia nyuma, nimeona kwa macho yangu mtu akisahau choo kiko wapi na asikumbuke tena. Lakini nami nitakupa upande wa pili, maana nimefanya kazi pande zote: mzee asiyeelewa lugha ya wanaomvua nguo anapigana. Akipigana anaandikwa mkorofi. Mkorofi anaombewa dawa ya kumtuliza. Dawa ya kumtuliza inamwangusha. Hicho kiwango cha juu cha huduma unachokilipia 7,300 kinaanza na mhudumu kumwambia kwa Kiswahili "mama, nakunawisha mguu sasa". Muulize yule muuguzi wa jengo kubwa: kwenye kitengo kile, zamu zote tatu, ni wangapi wanaoongea Kiswahili? Hapa Minnesota jibu linaweza likakushangaza, Wakenya tumejaa huko. Kama zamu ya jioni yupo mmoja wa kudumu, hesabu yangu inabadilika. Kama hakuna, mimi ningeenda kwa mama wa chapati.

Ukienda kwake, fanya mambo matatu wiki hiyo hiyo. Jina la mama liwe kwenye orodha ya kusubiri ya jengo kubwa, uliza kama amana ya orodha inarudi. MnCHOICES uombe sasa, usisubiri pesa iishe. Na kwenye mkataba wa nyumba ndogo mwambie aandike alichokwambia kwa mdomo: ni hali gani zitamfanya amtoe mama, na atakusaidia vipi kutafuta pengine. Sheria ya Minnesota inamtaka akae nawe kikao kabla ya kuvunja mkataba, halafu akupe notisi ya siku 30, isipokuwa mambo mazito ambayo ni 15. Kama mwenye nyumba yeyote akikwambia mtoe mzee kesho, piga simu kwa Ombudsman (mtetezi wa wakaazi) wa makao ya wazee wa jimbo, ni bure, na huwa wanakuja.

Ripoti za ukaguzi za nyumba zote mbili ziko kwenye tovuti ya Idara ya Afya ya Minnesota, za ukaguzi na za malalamiko. Zile nyota tano za tovuti ya Medicare watu wanazozisifia ni za nyumba za uuguzi, makazi ya kusaidiwa hayamo, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta huko. Zisome ripoti. Kosa la karatasi kutojazwa kila nyumba inalo. Unalotafuta ni moja: mtu alitoka nje bila kuonekana, au dawa ilikosewa, zaidi ya mara moja.

Leo usiku niko kazini mpaka saa moja asubuhi, ukipata mkataba niandikie vifungu hapa tuvisome pamoja. Futa majina kwanza.

---

BintiNgamiani:

Nimempigia. Amecheka. Amesema nije Alhamisi saa nne usiku, nisipige hodi.